Sikuwa Jikoni

Talaso wangu,

Assalamu aleikum. Ukiipata karatasi hii ndani ya sanduku usiisome pale steji watu wakikuangalia. Ngoja upite Nanyuki. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba, na kuna mahali nimekata nikaandika tena. Vumilia.

Mambo ya blanketi na sabuni na fomu za chuo tumeyasema mpaka ukaziba masikio, kwa hivyo sitayarudia. Naandika kwa sababu ya ile video.

Leo mchana ulikuja na simu ukaniambia, "Mama, keti kwanza." Mtu akiniambia niketi kwanza, mimi tayari nimeshashuku. Nikaketi. Nikakuona humo ndani umejifunga ile shuka yangu nyekundu kichwani, umejichora ndevu kwa wanja, unaongea kwa sauti nzito kama mtu aliyemeza gunia. Ustadh wa kwenye simu. Unawaambia vijana, pepo ni hapo tu mbele, nani anaenda? Mimi? Mimi niko na kikao. Kijana wangu? Huyo ana mtihani, msimsumbue. Nyinyi nendeni, na mkifika mnitumie picha.

Ukaniangalia usoni ukingoja. Mimi nikakwambia futa. Ukauliza kwa nini. Nikakwambia futa sasa hivi, mbele yangu, na sitaki kuulizwa. Ukafuta. Hukubishana hata kidogo, ukachukua buibui lako ukaenda kumuaga nyanya yako, na mpaka sasa jua limeshatua hujarudi. Mlango ulipofungwa niliona nimefanya jambo ambalo nimewahi kulifanya, na mara ya kwanza mtu mwingine ndiye aliyelipia.

Nilijiuma shavu nisicheke, Talaso. Lile la picha liliniingia tumboni. Kilichonitia hofu ni kwamba maneno kama hayo niliwahi kuyasikia kwa mtu mwingine, wewe ukiwa bado mtoto, na hakuna aliyekusimulia. Mtu huyo ni abuya wako Jatani.

Siku hizi wewe unamjua kama mjomba wa Moyale anayepiga simu siku ya Idd, anauliza umefika darasa la ngapi, kisha anakata. Umewahi kuniuliza kwa nini haji hata matanga yakitokea. Nikakwambia kazi. Nisamehe, huo ulikuwa uongo.

Jatani alikuwa dalali sokoni kwa mifugo. Unajua soko letu lilivyo. Mtu akija na ng'ombe wake kutoka Garbatulla au Ngaremara na hakuna anayemjua, hauzi. Lazima asimame mtu kando yake aseme huyu namjua, ni wa watu fulani, ng'ombe hizi si za wizi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kaka yangu, kusimama kando ya watu. Na kwa sababu alikaa sokoni siku nzima akisikiliza watu wakidanganyana, alijua kuiga kila mtu. Aliiga chifu, akaiga daktari wa mifugo, akamuiga baba yetu akipiga chafya. Baba mwenyewe alikuwa anamwambia, "Hebu piga chafya yangu nione."

Wewe ukiwa na miaka minane, alikuja mhubiri hapa Wabera. Akapanga chumba nyuma ya duka la nafaka. Jirani mmoja alisema mtu huyo ametoka pwani, mwingine akasema ng'ambo. Alikuwa na sauti tamu, wallahi, hata mimi nilimpenda. Alikuwa ananunua maziwa kwangu kila jioni, vikombe viwili, na alilipa bila kuvuta. Vijana wakaanza kujaa kwake baada ya isha. Walipewa tende na chai. Kwanza waliambiwa muziki ni haramu, baadaye nywele za namna fulani, baadaye kusalimiana na majirani ambao si wa dini yetu. Jatani alimuuliza siku moja mbele ya watu, kwa adabu tu, "Ustadh, wewe ni wa nani? Nani hapa anakujua?" Yule mtu akatabasamu akasema Uislamu hauna kabila. Watu wakaitikia, wakasema amesema kweli. Ni kweli. Lakini hapa kwetu mtu asiyekuwa na wa kumsemea, hata mbuzi mmoja hatununui kwake, na mtu huyo tulimpa watoto wetu.

Pua yangu ilisikia harufu. Mimi nikifungua mfuniko wa mtungi najua maziwa yamelala njiani siku ngapi. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mteja mzuri, na pia niliogopa. Nani mimi? Msichana aliyezaa akiwa na miaka kumi na saba, ameachwa na mume, anauza maziwa ya ngamia kando ya barabara. Nikimshuku mtu wa dini, watasema ni tabia zangu.

Basi ikaja harusi ya binti ya shangazi yetu. Wanaume walikuwa uani kwenye mikeka, na mimi nilikuwa napitisha birika. Vijana wakamwambia Jatani atuchekeshe. Akasimama, akasema kwa sauti kila mtu akasikia, "Leo namuiga mgeni wetu wa nyuma ya duka. Mungu simuigi, dini siichezei, naiga mtu." Hivyo hasa. Kisha akajifunga taulo kichwani. Akawaita vijana kwenda peponi, wote haraka haraka, foleni moja. Halafu akawaambia, "Tangulieni, wanangu, tangulieni. Mimi nabaki nifunge mlango." Akainua mikono akaanza dua ya kulia, jicho moja limefumba, lingine liko kwenye sahani ya mbavu za mbuzi. Alikuwa amemshika yule mtu mpaka namna anavyovuta kamasi.

Tulicheka. Wazee walicheka. Mimi niliegemea ukuta nikaweka birika chini.

Kuna mtu alikuwa amerekodi. Wakati ule video zilihama simu hadi simu kwa blututhi, na mpaka Ijumaa ilikuwa imefika kila nyumba, lakini ilikuwa imekatwa. Yale maneno ya kwanza hayakuwepo, mlango haukuwepo. Kilichobaki ni mtu mwenye taulo kichwani anainua mikono, analia kwa uongo, watu wanacheka. Ukiitazama hivyo tu, hata wewe ungesema anaichezea dua.

Nani aliikata? Mimi nina mtu wangu ninayemshuku mpaka leo. Sitaandika jina, maana sikuona kwa macho.

Baada ya swala ya Ijumaa watu hawakutawanyika. Walienda mpaka nyumbani kwa Jatani, njia yote imejaa, vijana wa tende na chai wakiwa mbele. Walipiga mabati kwa mawe. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Kesho yake kamati ya msikiti ikamwita, na ikataka mashahidi waliokuwa harusini. Mwenyekiti alikuwa Haji Boru, yule mzee wa duka la vitambaa, unamjua. Wanaume waliulizwa kwanza. Mmoja alikuwa ametoka kuswali, mwingine alikuwa anaongea na simu. Harusi nzima, kumbe hakukuwa na mtu. Wakaniita mimi nikasimama mlangoni na buibui langu. Haji Boru akaniuliza, "Wewe ni dada yake. Kabla ya ile dua, alisema nini?"

Jatani aliniangalia. Uso wake haukuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua mtu wake amefika.

Nikasema, "Nilikuwa jikoni."

Ni hayo tu. Maneno mawili. Nilikuwa nafikiria wateja, na wewe ulikuwa umelala nyumbani na homa, na mwenye nyumba wangu alikuwa ameketi pale kwenye kamati, mstari wa pili. Kila sababu niliyokuwa nayo ni ya kweli na hakuna hata moja inayotosha.

Hawakumpiga, na wala hawakumlaani. Waliacha tu kuitikia salamu yake. Alikuwa anasimama sokoni kando ya mtu anasema huyu namjua, na wanunuzi wanamwangalia kama hajasema kitu, wanaenda kwa dalali mwingine. Baada ya miezi miwili akauza kitanda, akaenda Moyale. Kabla ya kwenda alipita kwangu, akakunywesha maziwa wewe, akaniambia, "Usijali, ni siasa ya watu." Hakunilaumu. Mimi ningependa angenitukana.

Yule mhubiri akaondoka baada yake, asubuhi moja chumba kikakutwa wazi. Vijana wawili wa mtaa wakaondoka siku hiyo hiyo. Mama zao wakasema wameenda kutafuta kazi. Sisi wote tukasema inshallah watapata. Askari walipokuja wakabeba vijana wengine kabisa, waliokuwa wamebaki, waliokuwa na kosa la kuvaa kanzu.

Sasa hapa ndipo mkono unaponiuma kuandika.

Unamkumbuka Mama Kendi, Mmeru wa mboga, tuliyekuwa tunagawana kivuli kimoja cha turubai. Mume wake alikuwa fundi wa mawe. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kujenga mbali huko, akalala na mafundi wenzake kwenye nyumba ambayo hawajamaliza kuezeka. Wakaja watu wenye bunduki. Wakawaambia wasome shahada ya dini yetu. Aliyejua akawekwa kando. Yeye hakujua.

Habari ilifika asubuhi. Mama Kendi hakufungua meza yake. Na mimi, Talaso, niliyekuwa nakunywa uji wake, niliyekuwa namwachia wewe nikienda kupokea maziwa, sikwenda. Siku ya kwanza nikasema nyumba yake imejaa watu wa kwao, wataniangalia buibui langu. Siku ya pili nikasema wataniuliza kwa nini watu wenu wanafanya hivi, na mimi nitajibu nini? Kwani nimewatuma? Nikakasirika kwa swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza. Siku ya tatu niliona watu wawili wanaongea, wakaninyamazia nilipopita, nikasema si nilijua. Hivyo ndivyo kushuku kunavyofanya kazi, kunakupa sababu ya kukaa nyumbani.

Siku ya nne nikaenda. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, anachambua mchicha, mikono tu ndiyo inafanya kazi. Nikasema pole. Halafu kabla hajafungua mdomo nikaongeza, "Hao si Waislamu, Mama Kendi."

Akaendelea na mchicha. Akaniambia, "Mama Talaso, ndugu yako alipochekesha watu, mlijaa njia hii mpaka nikafunga meza. Nilihesabu siku tatu nikiangalia hiyo njia. Haikuwa na mtu."

Nilianza kumweleza kwamba ile ilikuwa jambo la dini, na hili ni jambo la wahalifu. Nilijisikia mwenyewe nikiongea. Yeye akasema, "Mimi sikutaka uniambie si wewe. Najua si wewe. Ndiyo maana nilikuwa nakungoja wewe."

Nikakaa chini nikashika mchicha. Tulichambua mpaka adhuhuri. Mwisho wa mwezi alihamia kwao Meru, na kivuli cha turubai kikawa changu peke yangu.

Nimelifikiria hilo miaka hii yote na akili yangu ndogo. Usinielewe vibaya. Mtu akimtukana Mtume wetu, mimi naumia, siwezi kujifanya sisikii kitu. Mwaka juzi ulinionyesha ile picha ya kumkebehi iliyochorwa na watu wa mbali, nikakwambia ifunge, na nikashinda siku nzima nimekosa raha, kama mtu amekanyaga kaburi la mama yangu. Sitaki uwe mtu asiyeumia. Lakini kule duksi, madrasa yetu ya utotoni, maalim wetu alitusimulia habari za Taif, jinsi Mtume alivyopigwa mawe mpaka viatu vikajaa damu, na akawaombea wale wale. Tulikuwa watoto, tulilia. Hakuna aliyetuambia kwamba tukikua tutakuwa upande wa wanaookota mawe, na tutampigia mabati mtu aliyefanya mzaha juu ya mbavu za mbuzi.

Na tuliporudi nyumbani tulijiona tumeitetea dini. Hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi. Hata mimi, nikitoka kwenye kamati, nilikuwa na amani siku ile.

Huko uendako utakutana na watu wa kila aina, na mimi nawashuku wote kabla sijawaona, Mungu anisamehe. Kuna atakayekwambia wewe si kama hao wengine, akidhani amekusifu. Kuna atakayecheka mzaha wako sana, sana kupita kiasi, na ukimtazama vizuri utaona hamcheki ustadh wa simu, anamcheka nyanya yako na tasbihi yake. Huyo mjue. Na kuna dada atakayekuletea chakula chumbani siku ya kwanza, akuite ukhti, na siku ya kumi akuulize kwa nini unakula meza moja na makafiri. Huyo pia mjue, muulize ni wa nani, nani anamjua. Lakini usije ukawa kama mimi, ukamshuku kila mtu mpaka ukakosa kwenda kwenye kilio.

Sasa nikwambie nilichofanya leo.

Ulipoondoka nilivaa buibui nikaenda dukani kwa Haji Boru. Ni mzee sana sasa, anapima kitambaa kwa mkono unaotetemeka na wateja hawasemi kitu. Nikangoja mteja atoke. Nikamwambia, "Haji, siku ile ya kamati nilisema uongo. Sikuwa jikoni. Jatani alisema mbele ya watu wote kwamba anaiga mtu, dini haichezei. Nilisikia, na nilicheka."

Akakunja kitambaa, akakikunja tena. Nikadhani hajasikia. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa mkeka wa mbele, binti yangu. Nilifunika mdomo kwa kofia ili wasinione."

Miaka yote hii nilikuwa nadhani nimemdanganya mzee. Nikamuuliza, sasa aliniuliza ya nini kama alikuwa anajua? Akasema alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kusema kwanza, ili na yeye apate kusema. Alingoja niseme mimi. Mimi nilikuwa nangoja waseme wanaume.

Nilikasirika, Talaso. Nitakwambia ukweli, nilimkasirikia mzee wa watu ndani ya duka lake. Nikamwambia nilikuwa na miaka ishirini na tano na mtoto mgonjwa, na yeye alikuwa mwenyekiti. Akasema, "Ni kweli." Nikamuuliza kama atasema msikitini. Akasema atamwambia imamu. Siamini sana. Kesho nitapita nimuulize, na Ijumaa nitamuuliza tena.

Nilipotoka pale nikampigia Jatani. Aliposikia si Idd aliuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama kando ya ukuta wa shule na pikipiki zinapita. Jatani akasema, "Nilikuona, wewe. Uliweka birika chini kwanza ndipo ukacheka. Mtu makini." Akacheka kidogo, halafu akawa hacheki. Alisema ataona kuhusu kuja. Hakusema atakuja.

Nikamweleza juu yako na ile shuka nyekundu. Nilidhani atasema mzuie. Akauliza, "Inachekesha?"

Nikasema ndiyo.

"Inachekesha ama wewe ni mama yake?"

Nikamwambia lile la picha. Akarudia mwenyewe taratibu, mkifika mnitumie picha, mara mbili, kama mtu anayepima ng'ombe. Akasema, "Huyo mtoto amenishinda, lile langu la mlango lilikuwa refu."

Aliniambia nimtumie. Nikasema nimekulazimisha uifute.

Lakini nakujua. Umefuta haraka mno. Mtu anayefuta kitu chake cha pekee kidole kinasita, na chako hakikusita. Kwa hivyo nashuku iko mahali. Kama iko, usiniambie iko wapi. Mtumie abuya wako kwanza kabla ya mtu yeyote, namba yake nimeandika nyuma ya karatasi hii. Mwache aitazame. Yeye anajua watu wanaanzia wapi kukata, atakwambia yale maneno ya kwanza, kwamba unaiga mtu na si dini, uyaweke katikati, mahali ambapo hayatoki. Mkikubaliana wawili, iweke. Mkiona bado, ngoja. Mimi sitauliza tena.

Na ikifika Wabera, maana itafika, watakuja kwangu kuniuliza kama ni wewe na kama nilijua. Nitawaambia nilionyeshwa nikiwa nimeketi nyumbani kwangu, nikaiona yote toka mwanzo.

Nasikia lango. Unaongea na jirani, sauti yako imeshiba kwa nyanya yako. Nakunja hapa kabla hujaingia.

Mungu akutangulie, na mimi nipo.

Mama yako